Mwezi Una Siku Thelathini: Matumizi ya Nyumba Katika Mtaa wa Umoja

Mtu akitoka katikati ya jiji la Nairobi kwa njia ya Jogoo Road, akaipita mitaa ya Makadara na Buruburu, kisha akavuka barabara ya Outer Ring, atafika katika mtaa uitwao Umoja. Mtaa huu ulijengwa na Halmashauri ya Jiji katika miaka ya 1970 kwa msaada wa mkopo kutoka Marekani, na sehemu ya pili, yaani Umoja II, ikaongezwa katika miaka ya 1980. Nia ilikuwa kwamba watu wenye mshahara wa kadiri wapate nyumba ndogo za kununua kwa malipo ya polepole, nyumba ambazo mwenyewe angeweza kuziongeza vyumba kadiri ya uwezo wake. Leo katika viwanja vingi yamesimama majumba marefu ya ghorofa, na wakaao humo wengi wao ni wapangaji: makarani, walimu, mafundi, madereva, wauza maduka, na vijana waliotoka shamba juzi kutafuta kazi.

Mgeni akikaa Umoja mwezi mmoja tu atajifunza jambo ambalo wenyeji hawahitaji kuambiwa. Mwanzo wa mwezi harufu ya nyama hupanda ngazi za majumba jioni, na watoto huonekana wakibeba mikate na maziwa. Ikifika tarehe 20, harufu hiyo imekwisha. Hapo ndipo mtoto hutumwa dukani na chupa ndogo, aseme, "Mama, nipimie mafuta ya shilingi ishirini." Hata mboga ile ya majani iliyo maarufu kuliko zote katika Kenya yatuonyesha jambo hili, maana watu wameiita sukuma wiki, yaani kitu cha kuusukuma wiki hata uishe.

Basi, yafaa tuulize: je, mwezi ni mrefu mno, au fedha ni chache mno, au ipo sababu ya tatu? Hapana shaka kwamba kwa watu wengi fedha ni chache kweli. Jambo hili si jipya. Mwaka 1954 kamati iliyoongozwa na Bwana F. W. Carpenter ilitoa taarifa yake juu ya mishahara ya Waafrika katika Kenya, ikaeleza kwamba mishahara ya mjini ilikuwa imepimwa kwa mahitaji ya mtu mmoja asiye na mke wala watoto, nayo ikashauri kwamba mshahara upimwe kwa mahitaji ya jamaa nzima. Miaka mingi imepita tangu hapo, lakini baba au mama wa Umoja akishika karatasi ya mshahara wake bado aweza kujiuliza kama aliyeupima alimfikiria mtu mmoja au watu watano.

Kwa hiyo makala haya hayasemi ya kuwa umaskini ni kosa la maskini. Hasha. Uwekevu hauwezi kuugeuza mshahara mdogo kuwa mkubwa. Lakini kuna fedha ambayo hutoka nyumbani bila kununua kitu chochote cha zaidi, nayo ndiyo tunayotaka kuitafuta.

FEDHA HUENDA WAPI?

Tuchukue mfano wa karani mmoja, mwenye mke na watoto watatu, anayepokea mkononi shilingi 36,000 kwa mwezi. Mtu huyu ni wa mfano tu, na bei tutakazozitaja ni za mfano pia, kwa kuwa bei hubadilika toka duka hata duka na toka mwezi hata mwezi. Msomaji na aziondoe hesabu zetu, atie zake mwenyewe.

Kodi ya nyumba: 12,000. Chakula na sabuni: 11,000. Nauli ya kwenda kazini siku 22, kwa shilingi 80 kwenda na 80 kurudi: 3,520. Umeme na maji: 2,000. Gesi na makaa: 1,600. Mambo ya shule: 3,000. Simu: 1,500. Fedha ya kuwapelekea wazazi shamba: 2,000.

Ukijumlisha, utapata 36,620. Yaani nyumba hii hupungukiwa na shilingi 620 kila mwezi. Ni fedha ndogo, wala bwana huyu hajioni kuwa mtu wa anasa. Hanywi pombe, hachezi kamari, wala hanunui viatu vipya kila mara. Lakini 620 kwa mwezi ni 7,440 kwa mwaka, nayo ni zaidi ya moja ya tano ya mshahara wa mwezi mzima. Na kwa kuwa upungufu huo huzibwa kwa deni, na deni lina gharama yake, mwisho wa mwaka atajikuta amezama zaidi ya hapo, naye hajui ni siku gani alipoanza kuzama. Ndivyo shimo la nyumbani lilivyo: halichimbwi kwa jembe, huchimbwa kwa kijiko.

BEI YA KIDOGO KIDOGO

Jambo la kwanza la kuangalia ni kipimo. Maskini hununua kidogo kidogo, na anunuaye kidogo hulipa zaidi. Mwenye duka hana hatia katika hilo, maana yeye hupoteza wakati wake kupima na kufunga, tena humwagika kidogo kila apimapo. Lakini mnunuzi yampasa ajue anacholipa.

Tuseme mafuta ya kupikia hupimwa shilingi 20 kwa mililita 50. Hivyo lita moja ni shilingi 400. Mtungi wa lita tatu ukiuzwa 960, lita moja ni 320. Nyumba itumiayo lita tatu kwa mwezi hulipa 1,200 kwa njia ya kwanza na 960 kwa njia ya pili. Tofauti ni 240.

Sukari ya robo kilo kwa shilingi 45 ni 180 kwa kilo. Pakiti ya kilo mbili kwa 320 ni 160 kwa kilo. Katika kilo nne, tofauti ni 80.

Mche wa sabuni wa shilingi 180 ukikatwa vipande vinane, kila kimoja 30, umekuwa 240. Katika miche miwili, tofauti ni 120.

Unga wa pakiti kumi za kilo mbili, kila moja 150, ni 1,500. Mahindi gorogoro kumi kwa 110 ni 1,100, na kusaga kwa shilingi 10 kila gorogoro ni 100, jumla 1,200. Tofauti ni 300.

Sasa jumlisha: 240, na 80, na 120, na 300. Utapata 740. Upungufu wa yule karani ulikuwa 620. Amekwisha kuuziba, tena zimebaki shilingi 120, naye amekula mafuta yale yale, sukari ile ile na ugali ule ule.

Hapa msomaji mwenye busara atasema, "Maneno mazuri, lakini mtu asiye na shilingi 960 atanunuaje mtungi wa 960?" Swali hili ni la haki, nalo ndilo linalowashinda wengi. Jibu ni kwamba asijaribu yote kwa mwezi mmoja. Mwezi wa kwanza, siku ya mshahara, kabla fedha haijagawanyika, anunue kitu kimoja tu kwa kipimo kikubwa, tuseme mafuta. Zile 240 atakazookoa azitie katika pakiti ya sukari mwezi wa pili. Mwezi wa tatu zitaongezeka za sukari, atie katika sabuni na mahindi. Hivyo ataupanda mlima kwa hatua, wala hatalazimika kukopa ili aweke akiba, jambo ambalo lingekuwa kichekesho.

Njia nyingine ni ujirani, na mtaa wenye jina la Umoja haupaswi kushindwa na hilo. Watu wa ngazi moja wakiwa jamaa tano, waweza kununua pamoja gunia la maharagwe la kilo 90. Tuseme gunia ni 11,700 na kulileta ni 900, jumla 12,600, basi kila kilo ni shilingi 140. Dukani kilo ikiwa 160, kila jamaa aliyechukua kilo zake 18 ameokoa 360. Kwa nyumba itumiayo kilo sita kwa mwezi, ni 120 kila mwezi kwa miezi mitatu. Nafaka za jumla hupatikana Nyamakima, na mboga na matunda katika Soko la Wakulima ambalo watu huliita Marikiti. Aendaye huko peke yake kwa ajili ya kilo mbili za nyanya hupoteza nauli. Aendaye kwa niaba ya jamaa tano hupata faida.

TAHADHARI JUU YA MAHINDI

Lakini bei rahisi isimpofushe mtu. Mwaka 2004, katika sehemu za Makueni, Kitui na jirani zake, watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye sumu ya ukungu iitwayo aflatoksini. Sumu hiyo huingia katika mahindi yaliyovunwa au kuwekwa yakiwa na unyevu, wala haiondoki kwa kupikwa. Kwa hiyo anunuaye mahindi kwa gorogoro ayatazame mchana, ayanuse, ayachambue. Yenye rangi ya kijani au nyeusi, yaliyoliwa, au yenye harufu ya uvundo, ayakatae hata akipewa kwa nusu ya bei. Asilishe kuku wala ng'ombe mahindi hayo, maana sumu hupita katika maziwa. Na akisha kununua mazuri, ayaweke mahali pakavu, juu ya mbao na mbali na ukuta. Ikiwa ni mengi, mifuko isiyopitisha hewa huwaua dumuzi bila dawa.

SHAMBA NA MJI

Sasa tuwageukie wasomaji wetu wakulima, kwa kuwa nyumba nyingi za Umoja ni nusu tu ya nyumba. Nusu ya pili ipo Murang'a, Machakos, Siaya, Kakamega au Meru. Huko wazee hulima, na huku vijana hupokea mshahara.

Mara nyingi mambo huenda hivi. Wakati wa mavuno mzee huuza mahindi yake yote kwa bei ya chini, kwa kuwa kila mtu anauza na yeye anahitaji fedha ya karo. Baada ya miezi minne au mitano, mwanawe aliye mjini hununua mahindi kwa bei ya juu, na katika bei hiyo wamo wachuuzi, magari na maghala. Kisha mwana huyo humpelekea baba fedha, naye baba hununua unga. Jamaa moja imeuza rahisi na kununua ghali, tena mara mbili.

Ingekuwa heri baba na mwana wakae pamoja siku moja, labda wakati wa Krismasi, wafanye hesabu kama watu wenye duka moja. Mwana alipe karo wakati wa mavuno, ili mzee asilazimike kuuza yote. Mzee naye aweke gunia moja au mawili yaliyokaushwa vizuri, yaende Umoja kwa basi. Yapasa kwanza kuuliza bei ya mzigo, kwa maana gunia ambalo nauli yake yaipita faida yake ni fahari tu. Lakini maharagwe, ndengu na njugu, ambavyo uzito wake ni mdogo kwa thamani yake, kwa kawaida huilipa safari.

MOTO, UMEME NA MAJI

Maharagwe yaliyolowekwa usiku kucha huiva upesi kuliko yaliyotiwa chunguni makavu. Jambo hili bibi zetu walilijua. Anayepika githeri na apike ya siku mbili kwa mara moja, afunike sufuria, na apunguze moto baada ya kuchemka, maana maji yakisha kuchemka hayawi moto zaidi hata ukiongeza moto. Tena kuna kikapu cha kupikia: kikapu kilichosakafiwa kwa nguo nzito au pamba, ambamo sufuria iliyochemka huwekwa na kufunikwa, na chakula hujiiva chenyewe kwa joto lake. Mwenye kutumia makaa atumie jiko lenye udongo ndani, ambalo lilienea nchini tangu mapema miaka ya 1980, kwa kuwa lahifadhi joto na kupunguza makaa kuliko lile la bati tupu. Lakini asilitie jiko la makaa katika chumba kilichofungwa madirisha ili apate joto usiku. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na watu wengi wamelala nayo wasiamke.

Katika umeme, watu wengi huwagombeza watoto kwa sababu ya taa, na huku mla fedha yuko bafuni. Fanya hesabu. Taa ya kisasa ya wati 9, ikiwaka saa tano kila siku kwa siku 30, hutumia uniti 1.35. Mashine ya kupashia maji ya kuoga, yenye wati 5,000, ikiwaka dakika 10 tu, hutumia karibu uniti 0.8. Basi kuoga mara mbili kwazidi taa ya mwezi mzima. Tena katika bei zilizotangazwa Aprili 2023, watumiao uniti zisizozidi 30 kwa mwezi waliwekewa bei ya chini, waliozidi hapo bei ya kati, na waliopita 100 bei ya juu. Kwa hiyo nyumba ndogo iliyo karibu na mpaka wa 30 hufaidi mara mbili ikipunguza kidogo: hununua uniti chache, na kila uniti kwa bei nafuu. Yafaa kupasha ndoo moja ya maji, au kuifunga mashine wakati wa kujipaka sabuni.

Maji nayo yana mafunzo yake. Januari 2017, mvua ilipopungua na maji ya bwawa la Ndakaini kushuka, Nairobi iliwekewa zamu za maji, na wenyeji wa mitaa ya mashariki wamejua tangu hapo thamani ya mtungi wa lita 20. Maji ya kufulia yafaa kuoshea sakafu, na ya sakafu yafaa chooni. Bomba litonalo litengenezwe siku hiyo hiyo, na mwenye nyumba aambiwe kwa maandishi.

Juu ya nauli, watu wote wajua kwamba matatu hupandisha bei asubuhi watu wanapojaa, na zaidi mvua inaponyesha. Yule karani wetu akitoka nusu saa mapema akalipa 60 badala ya 80, ameokoa 440 kwa siku 22.

DENI LA SIMU

Tumefika mahali ambapo fedha nyingi hupotea siku hizi bila kelele. Tangu M-Pesa ilipoanza Machi 2007, fedha imekuwa ikitembea katika simu, na baada yake ikaja mikopo ya simu. M-Shwari ilipoanza Novemba 2012 ilitoza 7.5 kwa mia kwa mkopo wa siku 30. Fuliza ikafuata mwaka 2019, kwa ajili ya kumalizia malipo yaliyopungua. Hustler Fund ya Serikali ikaanza tarehe 30 Novemba 2022, kwa riba ya 8 kwa mia kwa mwaka, mkopo wa siku 14, na 5 kwa mia ya mkopo ikiwekwa akiba.

Mikopo hii imewaokoa watu wengi usiku wa ugonjwa, wala hatuilaumu. Lakini mtu aangalie gharama yake kwa siku. Tuseme deni la shilingi 1,000 latozwa shilingi 6 kila siku. Sita ni kitu gani? Hata peremende hazitoshi watoto. Lakini kwa siku 20 ni 120, yaani 12 kwa mia. Chama cha akiba na mikopo kinachotoza 1 kwa mia kwa mwezi kingechukua shilingi 10 kwa mwezi mzima. Aliyekopa kwa simu amelipa mara kumi na mbili, tena kwa siku chache zaidi.

Kanuni iliyo salama ni hii: mkopo wa simu uwe wa jambo lisilongoja, yaani ugonjwa au msiba, wala usiwe wa chakula cha kila siku. Mtu akiona amekopa miezi mitatu mfululizo ili anunue unga, na ajue kwamba bajeti yake imevunjika, nayo haitatengenezwa kwa kukopa mara ya nne.

MAHALI PA KUWEKA AKIBA

Fedha iliyookolewa isipopewa mahali pa kukaa itarudi sokoni. Benki ya Posta imepokea akiba za watu wadogo katika Kenya tangu mwaka 1910. Vyama vya akiba na mikopo, ambavyo watu huviita Sacco, asili yake ni kwa wakulima kama ninyi: Bwana Friedrich Wilhelm Raiffeisen alianzisha chama cha namna hiyo Heddesdorf, Ujerumani, mwaka 1864, ili wakulima waache kukopa kwa walanguzi. Desturi ya vyama vingi ni kumkopesha mwanachama hata mara tatu ya akiba yake. Kabla ya kujiunga, mtu aulize kama chama chake kimepewa leseni na SASRA, ambayo husimamia Sacco zipokeazo amana, asome hesabu za mwaka, na ahudhurie mkutano mkuu. Mwanachama asiyehudhuria ni kama mfugaji asiyehesabu mbuzi wake.

Kwa wengi chama cha majirani ndicho cha kwanza, kile cha kuchangiana kwa zamu. Nacho ni kizuri, mradi wanachama wawe wanaojuana, hesabu iandikwe, na kila mtu aione.

Sasa turudi kwa karani wetu. Ameokoa 740 katika kipimo, 120 katika maharagwe, na 440 katika nauli. Jumla ni 1,300 kwa mwezi. Akiziba upungufu wake wa 620, zabaki 680, na kwa mwaka ni 8,160. Mwaka uliopita angemaliza na deni la 7,440 na gharama zake. Mwaka huu aingia Januari, mwezi wa sare na vitabu, akiwa na akiba ya 8,160 mkononi. Tofauti ni shilingi 15,600, na mwajiri wake hakumwongeza hata senti.

YASIYOFAA KUPUNGUZWA

Uwekevu ukipita kiasi huwa ubahili, na ubahili wa nyumbani huanza kwa wanyonge. Kuna baba ambaye hupunguza maziwa ya mtoto, lakini chai yake na maandazi kazini hayapungui. Kuna nyumba ambamo mama hula mwisho, akala kilichobaki, na watu husema mama huyo ana uwekevu. Huo si uwekevu, ni njaa ya mtu mmoja aliyenyamaza.

Mtoto asipunguziwe maziwa, mayai, maharagwe wala mboga. Nyama ikiwa ghali, omena kutoka ziwani hujenga mwili vizuri, na kikombe chake ni cha bei nafuu. Mzazi mwenye mtoto katika shule ya msingi ya serikali Nairobi auulize mpango wa Dishi na County, ulioanzishwa mwaka 2023, ambao mtoto hulipa shilingi 5 kwa mlo wa mchana. Watoto wawili kwa siku 22 ni shilingi 220 tu, nao wamekula chakula cha moto.

Tena mchango wa afya usirukwe. Mfuko wa sasa wa bima ya afya ulianza Oktoba 2024 mahali pa ule wa NHIF, na mwenye mshahara hukatwa 2.75 kwa mia, isipungue 300 kwa mwezi. Watu wengi hunung'unika, na manung'uniko mengine yana sababu. Lakini aachaye kulipa kwa kuona anaokoa fedha, siku ya kulazwa huwarudia jamaa na majirani na karatasi ya mchango, akaomba mara mia ya kile alichookoa.

DAFTARI MOJA, WATU WAWILI

Haya yote hayatafaa kitu ikiwa mume ana hesabu yake na mke ana yake. Ni desturi mbaya bwana kuuficha mshahara wake kama siri ya vita, na bibi kuongeza shilingi mbili mbili juu ya bei ya nyanya ili apate kitu chake mwenyewe. Wote wawili hudanganyana, na duka hufaidi.

Kanunue daftari la shilingi chache. Jioni, baada ya chakula, kaeni wawili mkaandike kila kilichotoka siku hiyo, hata shilingi tano ya peremende. Msigombane siku hizo za kwanza, andikeni tu. Mwisho wa mwezi someni pamoja, na mtaona kitu ambacho hapana mgeni awezaye kuwaambia, yaani njia ambayo fedha yenu wenyewe hupenda kutorokea. Nyumba moja itaiona katika simu, nyingine katika soda, nyingine katika michango ya harusi za watu wasiojulikana vema. Mtoto mkubwa naye aitwe, asome jumla kwa sauti. Atajifunza hesabu, na atajua kwa nini leo hakuna soda.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Wengi hulitumia neno hilo kwa akiba tu, wakasahau kwamba haba na haba ndiyo pia iliyokitoa kibaba kikawa kitupu. Shilingi ishirini ya mafuta, shilingi sita ya deni, dakika kumi za maji ya moto: hizo ndizo haba zetu. Mwezi una siku thelathini kwa tajiri na kwa maskini. Aliyezihesabu zote thelathini siku ile ya mshahara, tarehe 20 ikija haitamkuta mtoto wake dukani na chupa tupu mkononi.